Mwigizaji kutoonekana kwenye runinga si ushahidi kwamba amefariki

Kuna ujumbe wa miaka mingi unaozunguka kwenye magrupu ya Dar es Salaam: mwigizaji fulani wa kike wa vichekesho vya runinga, aliyeacha kuonekana, eti "alishafariki, familia inaficha". Chini yake pana picha ya jeneza.

Kutoonekana hakuthibitishi kifo. Vipindi vya vichekesho mara nyingi hurekodiwa kadhaa kwa mpigo, kisha hurushwa kimoja kimoja. Mwigizaji anaweza kuwa ameshaacha kazi huku sura yake bado iko hewani. Anaweza pia kutoweka hewani ilhali yuko Kariakoo anachagua vitenge. Mkataba umekwisha, amejifungua, amepata kazi nyingine. Mwandishi humwondoa mhusika, pengine kwa kumuua ndani ya hadithi, na jeneza la kwenye picha huweza kutoka hapo hapo. Isitoshe, mtaani tunamwita dada huyo kwa jina la mhusika, kwa hiyo mhusika akifa, wengi huelewa amekufa yeye.

Kuhakiki ni rahisi. Tangazo la kweli la msiba kwa kawaida husema msiba uko wapi, mazishi ni lini na msemaji wa familia ni nani. Tafuta picha hiyo kwenye intaneti, tazama kurasa za mwigizaji mwenyewe na vyombo vya habari unavyoviamini. Ukikuta namba ya kutuma rambirambi tu, usitume hata shilingi.

Wazazi na watoto wake nao wamo kwenye magrupu haya, na huumia. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, mjibu aliyekutumia, umuulize msiba uko wapi.