Redes: jamani, sio dokumentari

Kila muvi hii ikitajwa lazima atokee mtu aseme "aah, ile dokumentari ya wavuvi wa Meksiko". Sio dokumentari. Redes maana yake nyavu, ilipigwa Alvarado, pwani ya Veracruz, mwaka 1934 ikatoka 1936, na hadithi yake imetungwa kabisa: mvuvi Miro anafiwa na mtoto kwa kukosa hela ya matibabu, anaanza kuwashawishi wenzake wamgomee tajiri anayewanunulia samaki kwa bei ya kutupa, mwisho anapigwa risasi. Kinachowachanganya watu ni kwamba wengi mnaowaona pale ni wavuvi wenyewe wa hapo hapo, kuvuta nyavu hawajafundishwa na direkta.

Wengine wanalalamika eti picha zimeganda sababu ya kamera za zamani. Wapi! Mpiga picha alikuwa Paul Strand, bingwa wa picha za mnato kutoka New York, na ndivyo alivyotaka, kila picha ipangwe kama ya kutundika ukutani, mtu anapigwa picha kutoka chini, nyuma yake anga tupu na mawingu. Direkta Fred Zinnemann yeye alitaka mwendo, wakavutana, na mi naona mvutano wenyewe ndio utamu wa muvi, angalia mazishi ya mtoto yalivyotulia halafu linganisha na siku samaki wanapoingia, pale kila kitu kinakimbia na muziki wa Silvestre Revueltas.

Na sio muvi ya Zinnemann peke yake kisa baadaye alibeba Oscar. Aliidirekti pamoja na Emilio Gómez Muriel, na hela ilitoka wizara ya elimu ya Meksiko.

Ila inayoniudhi zaidi ni hii ya kwamba yale mawingu makubwa ya muvi za Meksiko yaliletwa na mpiga picha Gabriel Figueroa na muvi ya María Candelaria, ile iliyoshinda tamasha la Cannes 1946. Figueroa fundi, sibishi, lakini Redes ilishatangulia, na kabla yake Eisenstein, direkta wa Kisovieti, alishapita Meksiko na kamera kuanzia 1930. Hata Waitaliano wanaosifiwa kwa kuchezesha wavuvi wa kweli kwenye muvi ya La terra trema, ile ni ya 1948, hesabu mwenyewe.

Ukiitafuta, chukua kopi iliyosafishwa 2009 na World Cinema Foundation, taasisi ya direkta Martin Scorsese ya kuokoa muvi za zamani, zile zenye ukungu zinakunyima mawingu yote.