"Alirukwa na akili ghafla": dhana potofu kuhusu risasi katika shule za Marekani

Kila habari ya risasi shuleni inapotufikia kutoka Marekani, huja na maelezo yake tayari. Majina ya marehemu hayajatangazwa, lakini kwenye makundi ya WhatsApp watu wameshahukumu: ni wazimu, ni michezo ya video, ni watoto kukosa viboko, ni Wamarekani ndivyo walivyo. Ubaya wa maelezo haya ni kwamba yanatufanya tuamini janga hili huanguka kama radi, na kwamba hakuna aliyeweza kulizuia. Mafaili ya polisi, kumbukumbu za mahakama na ripoti za tume zilizochunguza matukio haya zinasema kinyume kabisa. Na si habari za mbali kwetu. Wako Watanzania na Wakenya wenye watoto katika shule za Texas na Minnesota, na wako Wakongo waliohamishiwa huko kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ambao asubuhi hii wamewapandisha watoto wao kwenye basi la shule.

Majina ya wauaji sitayataja. Baadhi yao walikuwa wakisoma sana habari za waliowatangulia, wakitamani kujulikana kama wao.

"Kijana alirukwa na akili ghafla"

Hii ndiyo dhana inayosikika zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara kuliko zote.

Secret Service, chombo kinachomlinda rais wa Marekani, kilishirikiana na Wizara ya Elimu kuchunguza mashambulizi 37 ya shuleni yaliyotokea kati ya mwaka 1974 na 2000. Waligundua kwamba wengi wa washambuliaji walipanga kabla, na kwamba katika matukio manane kati ya 10 alikuwepo angalau mtu mmoja aliyejua kinachopikwa. Mara nyingi alikuwa rafiki, mwanafunzi mwenzake au ndugu. Kwetu tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika matukio haya lilisemwa, tena kwa maneno ya wazi, ila aliyelisikia alidhani ni utani au aliogopa kuonekana mchongezi.

Tazama shule ya sekondari ya Columbine, jimbo la Colorado, ambako wanafunzi 12 na mwalimu mmoja waliuawa tarehe 20 Aprili 1999. Mwaka mmoja kabla, familia moja ilikuwa imewapelekea polisi vitisho ambavyo mmoja wa vijana wale aliviandika kwenye tovuti yake. Askari mpelelezi aliandaa hata maombi ya kibali cha kupekua nyumba. Maombi yale hayakuwahi kufikishwa kwa hakimu. Huko Parkland, Florida, mtu aliyemfahamu kijana aliyekuja kuua watu 17 alipiga simu FBI, shirika la upelelezi la Marekani, tarehe 5 Januari 2018, akaeleza kuhusu silaha zake na hofu yake kwamba angeweza kushambulia shule. Taarifa haikupelekwa ofisi ya FBI ya Miami, iliyopaswa kuifuatilia. Mauaji yalitokea tarehe 14 Februari.

Lakini tukio ambalo kila mzazi angepaswa kulijua kwa undani ni la Oxford, Michigan. Tarehe 26 Novemba 2021 baba alimnunulia mwanawe wa miaka 15 bastola. Siku tatu baadaye mwalimu alimwona kijana akitafuta risasi kwenye simu akiwa darasani. Shule ikampigia mama na kumwachia ujumbe. Mama akamwandikia mwanawe kwa mzaha kwamba hajamkasirikia, ila ajifunze kutokamatwa. Kesho yake asubuhi mwalimu mwingine akaona karatasi ya hesabu ya kijana huyo. Alikuwa amechora bastola, risasi, na mtu anayevuja damu, na pembeni ameandika kwamba mawazo hayakomi, nisaidieni.

Nisaidieni. Aliandika hivyo kwenye karatasi ya hesabu, na mwalimu akaiona.

Wazazi waliitwa. Wakakaa na mshauri wa wanafunzi, wakaambiwa wamtafutie kijana msaada wa kisaikolojia ndani ya saa 48. Hawakumchukua kwenda naye nyumbani. Hawakusema kwamba siku nne kabla walimnunulia bastola. Wala hakuna aliyefungua begi lake, na bastola ilikuwa humo humo. Akarudishwa darasani. Saa chache baadaye alitoka chooni akifyatua risasi, na wanafunzi wanne wakafa.

Kijana alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2024 mabaraza ya wazee wa mahakama, katika kesi mbili tofauti, yaliwatia hatiani mama na baba kwa kosa la kuua bila kukusudia, na kila mmoja akapewa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Walikuwa wazazi wa kwanza Marekani kutiwa hatiani kwa kosa hilo kutokana na mauaji ya halaiki yaliyofanywa na mtoto wao shuleni. Ukihesabu nafasi zilizopotea katika siku zile nne, huwezi tena kusema neno "ghafla".

Upande wa pili upo, ingawa hautangazwi sana. Mwaka 2021 Secret Service ilitoa ripoti kuhusu njama 67 za kushambulia shule zilizozimwa kati ya 2006 na 2018. Waliotoboa siri mara nyingi walikuwa wanafunzi wenyewe. Colorado, baada ya msiba wa Columbine, ilianzisha huduma iitwayo Safe2Tell ambapo mtoto anaweza kutoa taarifa bila kutaja jina lake. Mtoto aliyefundishwa tofauti ya kuchongea na kuokoa maisha ana thamani kubwa kuliko geti la chuma.

"Bunduki zile ni za magendo"

Tunaotoka katika nchi ambako raia wa kawaida hamiliki bunduki bila mlolongo mrefu wa vibali huwa tunadhani kijana wa miaka 15 lazima aliipata kwa wahalifu. Ukweli ni mchungu zaidi. Katika ripoti nyingine ya Secret Service, ya mwaka 2019, karibu robo tatu ya waliotumia bunduki kushambulia shule waliichukua nyumbani kwa mzazi au ndugu wa karibu. Aliyewaua watoto 20 na watu wazima sita katika shule ya Sandy Hook, Connecticut, Desemba 2012, alitumia silaha za mama yake mzazi, na mama huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuawa, akiwa nyumbani. Aliyewaua watoto 19 na walimu wawili huko Uvalde, Texas, Mei 2022, alinunua bunduki zake dukani kihalali, muda mfupi tu baada ya kutimiza miaka 18.

Watafiti wamekadiria kwamba watoto milioni 4.6 wa Marekani wanaishi katika nyumba yenye angalau bunduki moja iliyojazwa risasi na isiyofungiwa. Mzazi huamini mtoto hajui ilipofichwa. Watoto wanajua. Aliyewahi kuficha sukari au pesa ndani ya nyumba yenye watoto hahitaji kuelezwa zaidi.

Ndiyo sababu kinga ya kwanza ni ndogo na haina kishindo: bunduki ifungiwe kwenye sefu, haina risasi, na risasi zikae mahali pengine zimefungiwa. Yapo majimbo yanayomwajibisha mwenye silaha iliyoachwa mahali mtoto anapoweza kuifikia, na yapo mengine ambayo hayana sheria ya namna hiyo.

"Ni wagonjwa wa akili tu"

Hapa pana chembe ya ukweli, na ndipo ugumu ulipo. Katika uchunguzi ule wa kwanza wa Secret Service, takriban wanane kati ya kila washambuliaji 10 walikuwa na historia ya kutaka kujiua au kujaribu kujiua. Wengi walikuwa vijana waliokata tamaa, wenye kinyongo, waliopoteza kitu au mtu. Kukata tamaa kunahitaji tiba na kunahitaji watu, hilo halina ubishi.

Lakini kusema ugonjwa wa akili ndio chanzo ni kuwabebesha mamilioni ya wagonjwa dhambi isiyo yao. Watafiti wa Marekani wanakadiria kwamba ukatili unaoweza kuhusishwa moja kwa moja na magonjwa makubwa ya akili ni karibu asilimia nne tu ya ukatili wote. Wagonjwa hawa wana uwezekano mkubwa zaidi wa kutendewa ukatili kuliko kuutenda. Tena, sonona na skizofrenia zipo Japani, zipo Uingereza, zipo Dar es Salaam. Kinachoitofautisha Marekani ni kwamba raia wake walikadiriwa mwaka 2017 kumiliki bunduki milioni 393, yaani nyingi kuliko idadi ya watu wenyewe, na kijana aliyevurugikiwa anaweza kuipata moja kabla hasira yake haijapoa.

Kuhusu michezo ya video sitakawia. Vijana wa Japani na Korea Kusini wanaicheza usiku na mchana, na shule zao hazipigwi risasi.

"Wangeweka walinzi wenye silaha yangekwisha"

Columbine palikuwa na askari mwenye silaha. Parkland alikuwepo pia, akabaki nje ya jengo wakati watoto wanauawa ndani. Uvalde walifika askari 376 kutoka vyombo mbalimbali, na zikapita dakika 77 kabla ya mshambuliaji kuuawa, huku watoto wakiwa darasani naye na baadhi yao wakipiga simu ya dharura kuomba waokolewe. Siwezi kuliandika hili bila uchungu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliopitia matukio 133 ya risasi shuleni kuanzia 1980 hadi 2019, haukuona kwamba uwepo wa mlinzi mwenye silaha ulipunguza vifo au majeruhi. Sababu moja inaeleweka: mtu aliyekwenda akiwa tayari kufa haogopi mlinzi. Mlango wa darasa unaofungika vizuri kwa ndani unasaidia. Mshauri mwenye muda wa kukaa na kijana mmoja kwa saa nzima anasaidia zaidi, kwa kuwa yeye hufika kabla ya bunduki.

"Shule za Marekani ni machinjio"

Hapana. Kwa miongo mitatu, takwimu za CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, zimeonyesha kwamba mauaji ya watoto wa umri wa shule yanayotokea shuleni hayafiki asilimia tatu ya mauaji yote ya watoto wa umri huo. Mtoto yuko salama zaidi darasani kuliko mtaani, na mara nyingi kuliko nyumbani. Hata hivyo, tangu mwaka 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa Marekani wa kati ya mwaka mmoja na miaka 19, na imezipita hata ajali za barabarani. Vifo vingi kati ya hivyo hutokea mmoja mmoja, bila kamera: ugomvi wa mtaani, mtoto aliyechezea bastola ya baba, binti aliyejiua.

Kujiua ndiko hasa tusikokuzungumzia. Mwaka 2023 watu wapatao 46,700 walikufa kwa bunduki Marekani, na karibu sita kati ya kila 10 walijiua wenyewe. Wapo wanaosema mtu aliyeamua kufa atakufa tu, kama si kwa bunduki ni kwa njia nyingine. Si kweli. Anayejipiga risasi hufa karibu mara tisa kati ya 10. Njia nyingine nyingi humwachia mtu nafasi ya kubadili nia au kuwahiwa, na idadi kubwa ya walionusurika jaribio la kujiua hawafi kwa kujiua baadaye. Saa moja bila bunduki karibu inaweza kuwa tofauti ya maisha mazima.

"Hakuna kinachowezekana, Wamarekani wameshindikana"

Connecticut ilitunga mwaka 1999 sheria inayoruhusu silaha za mtu anayeonyesha dalili za hatari zichukuliwe kwa muda kwa kibali cha hakimu. Watafiti waliofuatilia matokeo yake walikadiria kwamba kwa kila watu 10 hadi 20 walionyang'anywa silaha, mmoja aliokolewa asijiue. Sasa majimbo zaidi ya 20 yana sheria ya aina hiyo. Florida, jimbo lenye wapenzi wengi wa bunduki, iliipitisha wiki chache tu baada ya Parkland, ikapandisha na umri wa kununua bunduki hadi miaka 21, na aliyetia saini alikuwa gavana wa chama cha Republican, ambacho kwa kawaida hupinga kubana umiliki wa bunduki. Juni 2022, mwezi mmoja baada ya Uvalde, Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayotaka wanunuzi walio chini ya miaka 21 wachunguzwe zaidi. Mauaji ya bunduki yalishuka kutoka 20,958 mwaka 2021 hadi karibu 17,900 mwaka 2023. Bado ni mengi mno, lakini yameshuka.

"Sisi wageni hayatuhusu"

Karibu watu wazima wanne kati ya 10 Marekani wanaishi katika nyumba yenye bunduki. Maana yake ni kwamba mwanao akialikwa kucheza au kulala kwa rafiki yake, uwezekano wa silaha kuwepo humo ni mkubwa. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mzazi aulize waziwazi: je, mna bunduki nyumbani, na imefungiwa? Wazazi wengi wa kwetu wataona ni kukosa adabu kumhoji mwenyeji hivyo. Huko ni swali la kawaida, sawa na kuuliza kama kuna mbwa au bwawa la kuogelea. Ukiona haya kuongea, litume kwa ujumbe wa simu.

Shule ikikuita kuhusu mwanao, nenda hata kama Kiingereza kinakupiga chenga. Shule za umma zinatakiwa kukupatia mkalimani bila malipo. Usikubali mtoto mwenyewe ndiye awe anakutafsiria kikao kinachomhusu. Ukiona kijana amejitenga, anaongea juu ya kufa, au amegawa vitu vyake alivyovipenda, namba ya kupiga ni 988, simu ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua au dhiki kubwa, inayopokelewa saa zote tangu Julai 2022. Ukisema "Swahili" watakuunganisha na mkalimani.