Kuahirisha juri Marekani: tarehe inasogea, jina lako linabaki

Watu wetu wengi wakishaapa uraia huku Marekani wanasahau kwamba kuna barua itakuja siku yoyote, samansi ya juri, na ikifika maswali yanaanza, kazini sijaaga, mtoto namwachia nani, tiketi ya Dar nimeshalipia, sasa nafanyaje. Unaweza kuomba waahirishe, na ombi la kwanza mara nyingi linapita bila shida. Ila elewa vizuri umeomba nini, maana wengi wanadhani wamesamehewa, wanatulia, halafu miezi ikipita barua nyingine hii hapa na wanaona kama wanaonewa.

Juri ni raia wa kawaida, majina yanatolewa kwa bahati nasibu, wanasikiliza kesi na wao ndio wanaamua mshtakiwa ana hatia au hana. Nyumbani hatuna kitu hiki, Tanzania tumezoea wazee wa baraza ambao wanatoa maoni na jaji halazimiki kuyafuata, Kenya hata hao waliondolewa 2007. Huku bila watu kutokea kesi haiendi, kuna mtu yuko rumande anasubiri, ndio maana mahakama haichukulii poa.

Sasa kuna mambo matatu hapa. Kuahirisha ni kwamba unabaki kwenye orodha, tarehe tu ndiyo inasogezwa mbele. Kusamehewa ni kwamba kwa awamu hii wamekuachia. Na kukosa sifa ni kwamba hata ungetaka huruhusiwi kukaa juri, kwa mfano wewe siyo raia, au hujafika miaka 18, au Kiingereza chako hakitoshi kufuatilia kesi. Hili la Kiingereza liwafikie wazee wetu, wapo waliopata uraia bila kufanya mtihani wa Kiingereza kwa sababu ya umri au ugonjwa, mzee wa hivyo akiitwa asiombe kuahirisha maana baada ya miezi sita Kiingereza kitakuwa kilekile, ajibu ukweli kwenye fomu (mjukuu amsaidie kusoma) wamtoe. Na mahakama nyingi mtu akivuka 70 akiomba kutokwenda wanamwachia.

Sheria za kuahirisha zinategemea nani kakuita, kwa hiyo usifuate alichofanya shemeji yako wa jimbo lingine. Massachusetts unasogeza mara moja na unachagua mwenyewe siku ya kazi yoyote ndani ya mwaka mmoja tangu ile tarehe ya kwanza. New York mara ya kwanza unamaliza kwa simu au mtandaoni, unachagua tarehe ndani ya miezi kama sita, ila ukitaka mara ya pili hapo unaomba rasmi na unajieleza. Mahakama za shirikisho, yaani zile za serikali kuu, kwanza zinakutumia fomu ya maswali na unatakiwa kuirudisha ndani ya siku 10, halafu ukiomba kuahirisha wanaangalia kama kweli utaumia au utasumbuka kupita kiasi.

Sababu zinazoeleweka ni zile za maisha, operesheni imeshapangwa, unanyonyesha, unauguza mtu na hakuna wa kukushika mkono, mitihani ya chuo, safari uliyolipia kabla barua haijafika. Ambatanisha karatasi, ya daktari au ya chuo au risiti ya tiketi, na uombe mapema ukiwa na tarehe mpya kichwani, usiseme tu siwezi. "Nina kazi nyingi" peke yake haina nguvu, kila mtu aliyeitwa ana kazi. Na mwajiri hana ruhusa ya kukufukuza kwa sababu umeitwa, kama ni juri ya mahakama ya shirikisho anaweza kupigwa faini hadi dola 5,000 kwa kila mfanyakazi aliyemtendea hivyo, kwa hiyo bosi akikunja uso mpe nakala ya samansi uendelee na mambo yako. Ila pesa ya juri ni ndogo, shirikisho wanalipa dola 50 kwa siku, kama unalipwa kwa saa na hiyo wiki ndiyo kodi ya nyumba inadaiwa, sema hivyo hivyo kwenye ombi, wanasoma.

Kinachowaponza watu ni kunyamaza. Barua inawekwa juu ya friji mpaka tarehe inapita. Kwa shirikisho usipotokea bila sababu ya maana unaweza kupigwa faini hadi dola 1,000, au kulala ndani hadi siku tatu, au kufanyishwa kazi za jamii. Na kama umeomba usogezewe halafu hujajibiwa, usijipe jibu mwenyewe ukabaki nyumbani, piga simu ofisi ya juri, hadi wakukubalie tarehe ya zamani bado ni yako.

Wenye green card na nyie mnaitwa, majina mengine yanachukuliwa kwenye leseni za udereva na kompyuta haijui uraia wako. Nawaomba sana msiitupe hiyo fomu na wala msiombe kuahirisha, jibu kwamba siyo raia, saini, rudisha, tunza kopi. Ukiweka tiki kwamba ni raia, hata kama ulikuwa na haraka tu, hilo linaweza kukuletea kesi ya uhamiaji kubwa kuliko faini yoyote ya juri.

Na kuna matapeli wanapiga simu wanasema ulikosa juri, polisi wako njiani, lipa sasa hivi kwa kadi za zawadi. Mahakama hailipishi faini kwa simu namna hiyo. Kata simu, tafuta namba iliyoandikwa kwenye samansi yako au kwenye tovuti ya mahakama yenyewe, uliza kama kweli wana jina lako.