Injini kubwa haiponyi boti chakavu
Ziwa Nyasa, upande wa Kyela, wengi huamini kuwa injini ikifa, kufunga yenye nguvu zaidi kutaipa boti kasi na usalama. Boti nyepesi yenye kitako bapa itakimbia kweli. Ile nzito ya mbao huzamisha tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, tu na kula mafuta.

Kinachosahaulika ni uzito: injini ya nguvu farasi 40 ya mipigo minne (four-stroke) huizidi ya mipigo miwili (two-stroke) kwa kilo 20 hadi 30 hivi, na kilo hizo zote huulemea ubao wa nyuma inapofungwa injini. Chomoa boliti moja inayoshikilia injini kwenye ubao huo. Yakitoka maji ya kahawia, ubao umeoza. Kisha, boti ikielea ufukweni, weka nyuma mifuko ya mchanga yenye uzito wa injini mpya, pakia abiria, upime maji yamebakiza kiasi gani kufika ukingoni.