Bodi haijafa, anza kwenye fyuzi

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kikwajuni, hapa Unguja, aliniletea bodi ya mashine ya kufulia, yaani ile saketi inayoiendesha, ameitia ndani ya mfuko kama anayetoka sokoni na samaki. Umeme ulikatika usiku, na uliporudi mashine haikuwaka tena. "Mwanangu, nimeambiwa bodi imekufa, ninunue nyengine. Na hiyo nyengine mpaka iagizwe Dubai."

Neno hilo linaniuma. Bodi inayokataa kuwaka kabisa, mara nyingi kilichoharibika ni kona yake moja tu, ile inayopokea umeme. Volti 230 huingia kwenye fyuzi, zikageuzwa na dayodi nne kuwa DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri, ya volti karibu 325, zikajazwa kwenye kapasita kubwa inayoweka chaji, kisha chipu ndogo ikazishusha: volti 12 za rilei, zile swichi zinazovutwa kwa umeme, na volti 5 za prosesa, ubongo wa bodi. Mlolongo huo ukikatika popote, prosesa isiyo na ubovu wowote inakaa kimya kama imekufa.

Fyuzi ya mama yule ilikuwa imekatika, na kioo chake kimepiga weusi ndani. Weusi huo unasema jambo. Fyuzi iliyochoka waya wake hukatika tu, kioo kikabaki safi. Iliyopiga weusi imekutana na shoti. Basi ukibadilisha fyuzi peke yake itaripuka tena, na ukiunga waya wa shaba mahali pake, jambo ambalo nakuombeni sana msilifanye, kitakachoungua safari hii ni njia za bodi yenyewe.

Shoti yenyewe ilikuwa pembeni tu: kisahani cha buluu chenye miguu miwili, kimepasuka ubavu na kutoa majivu. Hiyo ni varista, imeandikwa 10D471. Kazi yake ni kukaa kimya siku zote, na umeme ukipanda kupita kiasi inajitoa yenyewe, inakula ule wa ziada na kuikata fyuzi. Kuitazama mwanzo nilijifunza wakati wa giza la miezi 3, Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima ilipokosa umeme wa gridi na watu wakategemea majenereta. Majenereta madogo volti zake hupanda na kushuka, na bodi zilikuja mezani chungu nzima.

Nilitoa varista, nikatia mpya na fyuzi mpya, lakini sikuichomeka bodi ukutani moja kwa moja. Napitisha umeme kwanza kwenye balbu ya zamani ya wati 100, ile ya waya. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, kapasita imejaa na njia haina shoti. Ilififia.

Hapa mafundi vijana nisikilizeni vizuri. Bodi nyingi za mashine za kufulia hazina transfoma ya kuzitenga na umeme wa ukutani. Hizo volti 5 unazoziona ndogo zimeshikana na laini, na kuzishika ni sawa na kushika waya wa ukutani. Pima kwa mkono mmoja, na ukizima, ile kapasita kubwa itoe chaji kwa rizista kabla hujaigusa.

Mita ikanionesha kwenye njia ya volti 12 ziko 7 tu, tena zinacheza. Kapasita ya maikrofaradi 470 ya njia hiyo ilikuwa imefura kichwa, kidogo sana. Kidole kiliigundua kabla ya jicho. Niliiondoa nikatia ya volti 25 inayovumilia joto la nyuzi 105. Volti 12 zikasimama, 5 zikasimama, taa za mbele zikawaka.

Chumvi ya bahari nayo ina mkono wake. Chini ya rilei kulikuwa na kutu ya kijani, na mguu mmoja lehemu yake imezungukwa na ufa mwembamba kama unywele. Nilisafisha kwa spiriti na mswaki, nikalehemu upya, nikapaka vanishi. Nimewahi kukuta hata mjusi mkavu amelala juu ya miguu hiyo hiyo, ameunganisha alichokuwa hajui.

Kabla ya kufunga nilikwenda nyumbani kwake kupima pampu ya kutoa maji. Hili wengi hulisahau, na ndilo linaloua bodi mpya siku ya kwanza: pampu yenye shoti huunguza traiaki, ile swichi ya kielektroniki inayoiendesha, fundi akabadilisha bodi, pampu ikaiunguza na hiyo. Pampu ya kawaida husoma omu 100 mpaka 200 hivi. Ya kwake ilisoma 160. Vali ya maji ikasoma omu elfu 4 kasoro, nayo nzima.

Nikamwekea kwenye soketi kile kifaa cha kukinga umeme kinachosubiri dakika 3 kabla ya kuruhusu mashine kuwaka, maana dakika za mwanzo umeme ukirudi ndizo mbaya. Tukakaa tukazisubiri dakika hizo. Taa ilipowaka mama aliingiza sare za skuli za wajukuu, akafunga mlango, maji yakaanza kuingia.