Si udumavu, si mkosi: yanayosemwa kuhusu mtoto mwenye kimo kifupi

Ufupi wa kimo una aina nyingi. Inayoonekana zaidi ni akondroplasia: kiwiliwili karibu cha kawaida, mikono na miguu mifupi, kichwa kikubwa, paji lililojitokeza. Akikua, mwanamume hufika wastani wa sentimita 131 na mwanamke 124.

"Ukoo wa mama una mkosi."
Chanzo ni badiliko katika jeni moja, FGFR3, lililogunduliwa mwaka 1994. Kazi ya jeni hiyo ni kudhibiti ukuaji wa gegedu inayogeuka mfupa; ikibadilika, inadhibiti kupita kiasi. Katika kila watoto 10 wenye hali hii, takriban 8 wana wazazi wa kimo cha kawaida, na kwao badiliko huanzia karibu kila mara kwenye mbegu ya baba. Mawifi wanaouchunguza ukoo wa mama wanachimba shamba lisilo lao. Wala baba hana kosa: hakuna chakula, dawa wala mwiko uliolileta. Mzazi mmoja akiwa na akondroplasia, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

"Amedumaa, mwongezee uji wa lishe."
Tanzania ilipofanya utafiti wa afya wa mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, kwa hiyo muuguzi akiona urefu mdogo kwenye kadi hufikiria lishe kwanza. Mtazame mtoto mzima. Aliyedumaa ni mfupi kwa ulinganifu. Huyu kiwiliwili kimeipita miguu. Uji wa ziada utamnenepesha tu, na uzito huo utabebwa na magoti na uti wa mgongo. Omba alinganishwe na chati za akondroplasia, na kichwa kipimwe kwa utepe kila anapofika kliniki. Kikikua haraka kuliko mstari wa chati hizo, huenda maji yanajaa kichwani.

"Mfunge mgongoni kama wenzake, atakomaa."
Hapa ndipo upendo unapoumiza. Misuli ya mtoto huyu ni milegevu na kichwa chake ni kizito. Ukimfunga kwa kanga, mgongo unajikunja kama upinde, pingili za kiunoni zinabanwa upande wa mbele, na kibyongo ambacho kwa kawaida kingepungua akianza kutembea kinaweza kubaki. Kumkalisha kwenye beseni ukimzungushia mito huleta madhara yaleyale. Mbebe mikononi, kiganja kimoja nyuma ya shingo, mkono mwingine ukinyoosha mgongo. Wakati wa kumlisha, mwegemeze kwenye kitu kigumu, chali kidogo, kwa nyuzi 45 hivi. Akiwa macho, mlaze kifudifudi mara kadhaa kwa siku. Mwache akae mwenyewe siku atakapoweza. Wengi huchelewa, na kutembea kunaweza kusubiri hadi karibu miaka miwili. Wengine hawatambai, wanajisukuma kwa kichwa sakafuni. Inachekesha, lakini si ugonjwa.

"Anakoroma, amechoka tu."
Tundu la chini ya fuvu, unapopita ugwe wa neva unaoshuka mgongoni kutoka ubongoni, huwa jembamba, na likiubana mtoto anaweza kufariki usingizini, hasa katika mwaka wa kwanza. Kaa kando yake usiku, uhesabu. Akisitisha pumzi kwa sekunde kumi au zaidi, akitokwa jasho jingi, akilala shingo imepinda nyuma, au miguu ikizidi kulegea, mpeleke hospitali yenye daktari wa watoto na kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili, bila kungoja tarehe ya kliniki. Baadaye akiwa shuleni, asipige sarakasi za kichwa chini.

"Akili yake pia ni fupi."
Akili ni ya kawaida. Kinachochelewesha maneno mara nyingi ni masikio yanayojaa majimaji kila mara, kwa hiyo apimwe usikivu. Darasani anahitaji kigoda cha miguu, kwani ikining'inia hufa ganzi, mto nyuma ya mgongo, na komeo la choo analolifikia. Na wa miaka tisa habebwi kama wa miaka mitatu, hata kama wanalingana urefu.

"Kuna sindano ya kumrefusha awe kama wengine."
Sindano ipo, inaitwa vosoritide, na iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2021. Huchomwa kila siku wakati mifupa bado inakua, na huongeza takriban sentimita moja na nusu kwa mwaka. Anayeuza mizizi kwa ahadi kubwa kuliko hiyo anauza mizizi tu.

"Mbilikimo ni jina tu."
Jina hilo lilibandikwa watu wa misitu ya Kongo, ambao ufupi wao hauhusiani na akondroplasia, kisha likageuka dhihaka. Sema mtu mwenye kimo kifupi. Sikiliza na sarufi: kipofu *amefika*, kiziwi *amefika*, lakini huyu wanasema *kimefika*. Mwalimu akiteleza hivyo asubuhi, darasa zima litakuwa limeshaiga kabla ya kengele ya mapumziko.