Kwako inanukia, kwake inanuka: jeni na hisi ya kunusa

Kiswahili kimetenga mambo mawili: asumini hunukia, jalala hunuka. Tunasema hivyo kana kwamba harufu imekaa ndani ya kitu chenyewe. Sasa chukua fungu la kotimiri (wengine huiita dania, wengine giligilani), sugua jani moja kati ya vidole, uwape watu wanuse. Wengi watasema inanukia, ina ubichi na ukali kidogo wa ndimu. Mmoja atakunja uso: inanuka sabuni! Msimwambie anadeka. Ndivyo pua yake inavyompa habari.

Juu kabisa ndani ya pua kuna utando mdogo wenye seli za kunusa. Kila seli hubeba aina moja ya kipokezi, yaani kinasa harufu, na kila kipokezi hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni yake. Linda Buck na Richard Axel walizitangaza jeni hizo mwaka 1991, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu anazo takriban 400 zinazofanya kazi. Zilizoharibika ni nyingi kuliko hizo, zimebaki mwilini kama magofu. Harufu moja huamsha vipokezi kadhaa kwa pamoja, na ubongo husoma mchanganyiko huo. Basi herufi moja tu ya maelekezo hayo ikibadilika kwenye jeni, kipokezi kinaweza kulegea au kuzima kabisa. Wengine hawaisikii kabisa androstenoni, iliyomo kwenye nyama ya nguruwe dume. Wengine wanaisikia tamu. Kwa wengine ni mkojo mtupu. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na jeni iitwayo OR7D4.

Turudi kwa kotimiri. Harufu yake inatokana hasa na aldehaidi, na molekuli za jamii hiyohiyo zimo pia kwenye sabuni. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waligundua kwamba wanaosikia sabuni hutofautiana na wenzao karibu na jeni OR6A2, ambayo kipokezi chake huzinasa vizuri aldehaidi hizo. Lakini mchango wa jeni hiyo ni mdogo, na hapa ndipo watu hukosea wakisema "ni jeni tu". Mazoea yana nguvu sana: aliyekula kachumbari yenye kotimiri tangu utotoni huenda asione tatizo lolote.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Aisilandi, nchi ya wavuvi. Huko, mwaka 2020, walipatikana watu wenye mabadiliko kwenye jeni TAAR5. Walipopewa harufu ya samaki aliyechacha wanuse, baadhi yao walisema ni karameli, au viazi.

Na yule wa sabuni, mtwangie kotimiri yake au uipike. Majani yakipondwa, vimeng'enya vyake huanza kuzivunja aldehaidi, na moto nao huzipunguza.